Kuunganisha huduma za wingu kwa ruwaza: mfano wa mizani ya kahawa Mbozi

Msimu wa kahawa ukifunguka Mbozi, kazi yote ya chama cha ushirika cha msingi hupita kwenye mizani. Gunia linapandishwa, karani anasoma kilo, anaandika, mkulima anaondoka na stakabadhi. Siku hizi karani anaandika kwenye simu, na ndipo chama kinapowaita vijana wa kompyuta kutoka Mbeya mjini waunganishe mambo: simu ya karani, hifadhi ya picha za stakabadhi, hifadhidata, meseji kwa mkulima, malipo kwa simu, na ripoti ya mhasibu.

Kila kimoja kati ya hivyo kipo tayari kama huduma ya wingu. Huna haja ya kukiunda. Kazi yako ni kwenye viungio, na mifumo ya namna hii hufia hapo hapo: katikati ya huduma moja na nyingine, mtandao unapokatika mzigo ukiwa njiani.

Mwongozo huu unafuata kiungio kimoja baada ya kingine na kuonyesha ruwaza ya kutumia kwa kila kimoja. Kwa ruwaza nina maana ya namna ya kuunganisha ambayo imeshatumika na wengi, shida zake zinajulikana, na unaweza kuihamishia kwenye mfumo mwingine bila kuanza upya. Nimechagua kahawa kwa sababu kosa lake linaumiza watu halisi. Kilo zikipotea, mkulima amedhulumiwa. Zikiingia mara mbili, chama kimefanya malipo hewa. Huduma nitakazotaja zaidi ni za AWS, wingu la Amazon, lakini Azure ya Microsoft na Google Cloud wana zao zinazofanya kazi ile ile, nami nitazitaja pale tofauti inapokuwa na maana.

Hatua ya 1: Chora safari ya mzigo mmoja

Chukua karatasi. Usichore huduma wala seva. Andika matukio kwa lugha ambayo karani na mhasibu wanaielewa: mzigo umepimwa, picha ya stakabadhi imefika, mzigo umeandikwa kwenye daftari la chama, malipo yametumwa, malipo yamethibitishwa, mkulima amejulishwa.

Kati ya tukio na tukio chora mshale, na juu ya kila mshale jiulize: mtandao ukikatika hapa, nini kinapotea? Ujumbe ukifika mara mbili, nani anaumia? Anayepokea akiwa hayupo hewani, anayetuma atakwama akimsubiri? Mshale ambao majibu yake yote ni "hakuna tatizo" uache ulivyo. Mshale wenye jibu la kutisha ndio unaohitaji ruwaza. Ukifanya zoezi hili kwa uaminifu, utagundua kwamba huhitaji nusu ya vitu vinavyosifiwa kwenye mafunzo ya mtandaoni. Chama chenye wakulima mia tatu hakihitaji Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi.

Hatua ya 2: Karani asisubiri mtandao

Hapa ndipo mifumo mingi inapokosea tangu mwanzo. Mama ameshusha gunia, nyuma yake kuna foleni ya watu na wingu la mvua linakuja.

"Mama, kilo arobaini na mbili na nusu."

"Haya mwanangu. Na meseji yangu mbona haiji?"

"Mtandao unasumbua mama, itakuja tu."

Karani ana haki ya kusema "itakuja" ikiwa tu mzigo umeshahifadhiwa kwenye simu yake kabla hata mtandao haujaguswa. Kwa hiyo programu ya simu iandike kwanza kwenye hifadhidata ya ndani ya simu, SQLite inatosha kabisa, kisha iweke nakala kwenye jedwali la pili linaloitwa kisanduku cha kutuma. Maandishi yote mawili yafanyike kwa muamala mmoja: ama yote yameingia, ama hakuna kilichoingia. Programu nyingine ndogo inayokimbia nyuma inachukua vilivyomo kwenye kisanduku na kuvituma mtandao ukirudi. Kwenye Android kazi hiyo ifanywe na WorkManager, maktaba ya Android ya kuratibu kazi za nyuma, ambayo ikishindwa hungoja sekunde 30 kwa kawaida, kisha huongeza muda wa kungoja maradufu kila inaposhindwa tena, hadi ukomo wa saa 5. Kumbuka ukomo huo: simu iliyokaa bila mtandao siku nzima inaweza kuchelewa kuamka hata baada ya mtandao kurudi. Mpe karani kitufe cha "tuma sasa".

Mzigo wenyewe uonekane hivi:

aina: mzigo_umepimwa
toleo: 1
kitambulisho: 7c1e0b52-9a4d-4f0e-8d5b-2f6a1c3e9b70
kituo: mlowo-02
mkulima: 00418
gramu: 42500
saa_ya_simu: 2025-06-17T08:14:09+03:00

Kuna mambo mawili ya kuangalia hapo. Kitambulisho kinatengenezwa na simu yenyewe, wakati wa kupima, na hakibadiliki tena hata mzigo ukitumwa mara ngapi. Ukiiachia seva itoe namba, simu iliyotuma ikakosa jibu haitakuwa na njia ya kusema "huu ni ule ule wa mwanzo". Hatua ya 5 yote inasimama juu ya hilo. La pili, uzito umeandikwa kwa gramu, namba kamili isiyo na nukta, ili jumla ya mwisho wa msimu isije ikatofautiana na daftari kwa sababu ya namna kompyuta inavyokadiria desimali.

Saa ya simu nayo usiiamini peke yake. Simu iliyozimika betri inaweza kuwaka na tarehe ya ajabu. Hifadhi saa ya simu na saa ambayo seva ilipokea, zote mbili, na ripoti zikigombana utajua pa kuangalia.

Hatua ya 3: Mlango mwembamba

Upande wa wingu weka mlango mmoja wa kupokea: API Gateway, huduma ya AWS ya kupokea maombi, na kazi ndogo ya Lambda nyuma yake, yaani msimbo unaokimbia pale tu unapoitwa, au Azure Functions, au Cloud Run kwa Google. Mlango ufanye mambo matatu tu. Uhakikishe simu hiyo ni ya kituo kinachojulikana, uangalie kama taarifa zimekamilika, uweke ujumbe kwenye foleni, yaani orodha ya jumbe zinazosubiri kushughulikiwa. Kisha ujibu "nimepokea". Simu ikipata jibu hilo, na si kabla, ndipo inapofuta mzigo kwenye kisanduku cha kutuma.

Kishawishi ni kuongeza mambo. Mtu atasema, kwa nini tusitume na meseji hapo hapo, si mistari mitano tu? Kwa sababu siku mtoa huduma wa meseji atakapokuwa mzito, mlango nao utakuwa mzito, simu ya karani itachoka kusubiri, itatuma tena, na kituo kizima kitasimama kwa ajili ya kitu ambacho mkulima angeweza kukipata baada ya nusu saa.

Mlango uuweke wapi? Kwa sisi wa nyanda za juu kusini vituo vya data vya karibu vya kampuni hizi tatu viko Afrika Kusini: Azure walifungua Johannesburg mwaka 2019, AWS wakafungua Cape Town mwaka 2020, Google Cloud wakafuata Johannesburg mwaka 2024. Ukitumia Cape Town ya AWS, itabidi kwanza uiwashe kwenye akaunti yako, kwa sababu haiji ikiwa wazi kama kanda za zamani. Lakini karibu haimaanishi salama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya kwa siku kadhaa, mwezi ule ule ambao mizani za kahawa zinaanza kazi. Siku kama hiyo hakuna ujanja wa upande wa seva utakaokusaidia. Kinachokusaidia ni kisanduku kilichomo ndani ya simu. Ndiyo maana hatua ya 2 imekuja kabla ya hii.

Hatua ya 4: Foleni, na mahali pa zilizoshindikana

Mlango umeweka ujumbe kwenye foleni. Programu nyingine, tuiite mchakataji, inausoma kwa mwendo wake. Asubuhi vituo kumi vikituma kwa pamoja baada ya umeme kurudi, foleni inarefuka na kufupika tena, wala hakuna anayelala chali.

Foleni ya SQS, huduma ya foleni ya AWS, ina mipangilio michache ambayo ukiiacha ilivyo itakusumbua. Ujumbe unaposomwa hufichwa kwa sekunde 30; mchakataji asipomaliza na kuufuta ndani ya muda huo, ujumbe unaonekana tena na mwingine anauchukua. Ukitumia Lambda, ushauri wa AWS wenyewe ni kuweka muda wa kuficha usiopungua mara sita ya muda wa juu wa kazi yako. Pia, SQS huhifadhi ujumbe siku 4 kwa kawaida, nawe unaweza kuongeza hadi 14. Ongeza. Mchakataji akiharibika Ijumaa jioni na wewe uko msibani Tukuyu, siku 4 si nyingi.

Lambda husoma ujumbe kwa mafungu, na hapa kuna mtego ambao watu hawauoni mpaka siku ya siku. Fungu likiwa na jumbe kumi, mmoja ukashindwa, zote kumi zinarudi kwenye foleni, tisa zilizofanikiwa zikiwemo. Washa kipengele cha ReportBatchItemFailures na umwambie mchakataji ataje zile tu zilizoshindwa.

Kisha weka foleni ya pili, ya zilizoshindikana. Ujumbe ukijaribiwa mara tano bila kufaulu, uhamie huko. Bila foleni hiyo, mzigo mmoja wenye namba ya mkulima asiyekuwepo utazunguka na kuzunguka ukila muda na pesa. Service Bus, foleni ya Azure, huhamisha baada ya majaribio 10 usipobadilisha. Pub/Sub ya Google inakuruhusu kuchagua kati ya 5 na 100. Kwenye SQS ya kawaida, umri wa ujumbe huhesabiwa tangu ulipoingia foleni ya kwanza, si ulipohamishwa, kwa hiyo foleni ya zilizoshindikana iwe na muda mrefu kuliko ile ya kwanza: ipe hii siku 14 zote, na ile ya kwanza pungufu ya hapo. Na iwe na kengele: ujumbe hata mmoja ukiingia, mtu anayejulikana kwa jina apate taarifa. Foleni ya zilizoshindikana isiyosomwa na mtu ni mahali pa kupotezea kilo za wakulima kwa utaratibu mzuri.

Hatua ya 5: Mchakataji asiyerudia, na tatizo la kuandika sehemu mbili

Hii ndiyo hatua ninayoomba uisome taratibu.

Foleni nyingi za wingu zinaahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja. "Angalau" ina maana kuna siku utafika mara mbili. Wengine hukimbilia foleni za FIFO za SQS, zile zinazotunza mpangilio wa kuingia, wakidhani zimemaliza tatizo. Hazijamaliza. Foleni hizo hutambua ujumbe uliorudiwa ndani ya dakika 5 tu, wakati simu ya karani inaweza kutuma mzigo Jumatatu, ikose jibu, na kuutuma tena Jumatano ikipata mtandao. Kinga lazima iwe kwenye hifadhidata yako.

Njia ni rahisi. Kwenye jedwali la mizigo, fanya kile kitambulisho kilichotoka kwenye simu kuwa ufunguo wa kipekee. Mchakataji anapoandika, mzigo ukiwa mpya unaingia. Ukiwa umeshaingia, hifadhidata inaukataa kimya kimya na kazi inaendelea. Hifadhidata ya PostgreSQL ina amri ya ON CONFLICT DO NOTHING kwa ajili hiyo. Usifanye kwa kuuliza kwanza "upo?" kisha ukaandika, maana wachakataji wawili wanaweza kuuliza kwa wakati mmoja, wote wakajibiwa "haupo", wote wakaandika.

Tatizo la pili ni gumu zaidi kuliona. Mchakataji ana mambo mawili ya kufanya: kuandika mzigo kwenye hifadhidata, na kuitangazia dunia kwamba mzigo umeandikwa, ili meseji itoke na ripoti ibadilike. Hifadhidata na huduma ya matangazo ni vitu viwili tofauti. Akiandika kwanza halafu akazimika kabla ya kutangaza, mkulima hatapata meseji milele: ujumbe utakaporudi kwenye foleni, hifadhidata itasema "huu ninao", na mchakataji ataona kazi imeisha. Akitangaza kwanza halafu kuandika kukashindikana, mkulima anapata meseji ya kilo ambazo chama hakina.

Kupanga upya mistari hakutibu hili. Dawa ni kile kisanduku cha kutuma cha hatua ya 2, sasa upande wa seva. Ndani ya hifadhidata ile ile tengeneza jedwali la matangazo. Mchakataji aandike mzigo na tangazo lake kwa muamala mmoja, basi, kazi yake imeishia hapo. Programu ndogo nyingine isome jedwali hilo kila baada ya sekunde chache, itume matangazo ambayo hayajatumwa, na kuyawekea alama. Ikizimika baada ya kutuma kabla ya kuweka alama, itatuma mara mbili, lakini kila msikilizaji, yaani programu inayopokea tangazo, naye anakagua kitambulisho, kwa hiyo hakuna madhara.

Angalia kilichotokea: ruwaza moja imetumika kwenye simu ya shilingi elfu themanini huko Mlowo na kwenye seva ya Cape Town, kwa sababu kiungio ni kile kile. Pande zote mbili kuna mtu anayetakiwa kuandika sehemu mbili ambazo hazijuani. Ukishaizoea sura hiyo, utaitambua kila mahali.

Hatua ya 6: Picha zisipite mlangoni

Picha ya stakabadhi ikitoka kwenye kamera ina megabaiti kadhaa. Usiipitishe kwenye mlango wala kwenye foleni. Simu iombe kibali, mlango utoe kiungo cha muda cha kupakia moja kwa moja kwenye S3, hifadhi ya faili ya AWS, na simu ipakie yenyewe. Kiungo kiishe baada ya dakika 15, kielekee kwenye jina moja tu la faili, na kiombwe pale simu inapokuwa tayari kutuma, si wakati wa kupima. Kwenye foleni upite ujumbe mdogo unaotaja picha iko wapi. Azure na Google wana viungo vya namna hiyo pia.

Punguza ukubwa wa picha kwenye simu kabla ya kutuma. Maandishi yakisomeka inatosha, na bando analonunua karani mara nyingi ni pesa yake mwenyewe. Picha isije ikazuia kilo: mzigo uende kwanza, picha ifuate hata kesho.

Hatua ya 7: Tangazo moja, wasikilizaji wengi

Tangazo la "mzigo umeandikwa" lipelekwe kwenye huduma ya matangazo kama SNS, Event Grid au Pub/Sub, na kila anayelihitaji awe na foleni yake mwenyewe: wa meseji ana yake, wa ripoti ana yake, wa malipo ana yake. Mtoa meseji akianguka, ripoti haijui. Mwakani bodi ya chama ikitaka mfumo wa mikopo ya pembejeo usome kilo za mkulima, unaongeza msikilizaji wa nne bila kugusa mchakataji.

Neno moja kuhusu meseji zenyewe, kwa kuwa hazizungumzwi sana. SMS moja ina herufi 160 mradi herufi zote ziwe kwenye seti ya kawaida ya GSM. Kiswahili kinaingia humo vizuri, hata alama ya ng' iliyonyooka. Lakini kibodi nyingi za simu huandika ile alama iliyopinda, na hiyo haimo kwenye seti. Ikiingia mara moja tu, labda ndani ya jina la kijiji, meseji nzima inabadilishwa mfumo na kikomo kinashuka hadi herufi 70. Meseji uliyodhani ni moja inatozwa kama mbili au tatu. Msikilizaji wa meseji anyooshe alama hizo kabla ya kutuma.

Hatua ya 8: Malipo

Kwa malipo utaunganisha na kampuni ya simu au benki, na kila moja ina namna yake ya kuomba, kujibu na kukataa. Usiruhusu lugha yao iingie ndani ya mfumo wako. Andika adapta, programu ndogo ya kutafsiri, kwa kila mtoa huduma: upande mmoja inaongea lugha yenu, lipa, uliza hali, imelipwa, imekataliwa, upande wa pili inaongea lugha ya mtoa huduma. Chama kikihama benki, unaandika adapta mpya na kilichobaki hakijui.

Kisha kuna suala la kimya. Umetuma ombi la kumlipa mkulima, sekunde 30 zimepita, hakuna jibu. Je, imeshindikana? Hujui. Huenda pesa imeshaingia kwenye simu ya mkulima na jibu ndilo lililopotea njiani. Anayechukulia kimya kuwa kushindikana na kutuma upya analipa mara mbili. Kwa hiyo namba ya kumbukumbu ya malipo itengenezwe na mfumo wako, itumike ile ile kila unapojaribu, na baada ya kimya usilipe tena: uliza kwanza hali ya kumbukumbu hiyo. Ikijibiwa "haijulikani" kwa muda mrefu, iende kwa binadamu. Kama mtoa huduma hana njia ya kuuliza hali wala hakubali namba yako ya kumbukumbu, mwambie mwenyekiti wa chama waziwazi kwamba malipo ya moja kwa moja na mtoa huduma huyo yana hatari, na mlipe kwa orodha inayokaguliwa na mhasibu.

Unapojaribu tena mambo yasiyo ya malipo, ongeza muda wa kungoja: sekunde 1, 2, 4, 8, hadi kikomo, na uchanganye na bahati nasibu kidogo. Bila bahati nasibu, maombi mia yaliyokataliwa pamoja yatarudi pamoja, na yatakataliwa pamoja.

Mtoa huduma akianguka kabisa, weka breka. Maombi matano yakishindwa mfululizo, acha kumpigia kwa dakika moja, kisha ruhusu ombi moja la kujaribu. Likifaulu, fungua, likishindwa, subiri tena. Kwenye Lambda usihifadhi hali ya breka kwenye kumbukumbu ya programu, kwa sababu nakala nyingi hukimbia kwa pamoja na kila moja itakuwa na breka yake. Ihifadhi kwenye jedwali la pamoja, au rahisi zaidi, simamisha usomaji wa foleni ya malipo mpaka hali itulie. Foleni itatunza. Weka pia ukomo wa nakala zinazosoma foleni hiyo kwa wakati mmoja. Lambda inaruhusu hilo kwa kila foleni tangu 2023. Mtoa huduma anayekubali maombi matano kwa sekunde usimmwagie mia mbili.

Hatua ya 9: Geuza viungio kuwa moduli

Mpaka hapa ruwaza ziko kichwani mwako na kwenye skrini za dashibodi ulizobofya. Bado hazijawa za kutumika tena. Ziandike kwa Terraform au OpenTofu, zana za kueleza huduma za wingu kwa msimbo, kama moduli, yaani vipande vya msimbo unavyoweza kuvitumia tena. Ya kwanza iwe foleni salama: ukiipa jina, muda wa kuficha, idadi ya majaribio na namba ya wa kupigiwa, inakupa foleni, foleni ya zilizoshindikana, muda wa kuhifadhi uliosahihi na kengele, vyote kwa pamoja. Mtu asiweze kutengeneza foleni isiyo na kengele hata akitaka. Ya pili iwe mlango mwembamba, ya tatu hifadhi ya picha yenye viungo vya muda, ya nne msikilizaji na foleni yake.

Kipimo cha moduli nzuri ni mteja wa pili. Wakusanyaji wa maziwa Njombe wanapima kwa lita, asubuhi na jioni. Wanunuzi wa parachichi Rungwe wana madaraja ya ukubwa na matunda yanayokataliwa. Mafinga ni mbao, zinahesabiwa kwa vipande na vipimo. Kama kumhudumia mmoja wao kunakulazimu kufungua moduli ya foleni na kubadilisha ndani, ujue kahawa imevuja ikaingia mahali pasipo pake. Maneno kama gramu na daraja yakae kwenye mchakataji. Moduli ijue ujumbe tu.

Nami nashauri usitengeneze moduli kabla ya kuwa na mfumo mmoja unaofanya kazi. Moduli inayobuniwa kabla ya kazi huwa na vigezo ishirini ambavyo hakuna anayevijaza.

Hatua ya 10: Sheria na bili

Majina, namba za simu na mapato ya wakulima ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inahusu anayekusanya na anayechakata, wote wawili. Chama kijisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kwa kuwa data inahifadhiwa Afrika Kusini, masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi yanakuhusu moja kwa moja. Fanya hivyo kabla ya msimu. Kwenye foleni na kwenye kumbukumbu za mfumo (logi) ipite namba ya mkulima, 00418, si jina lake na namba yake ya simu.

Kwa bili, foleni na kazi za Lambda kwa chama kimoja zinaweza kabisa kubaki ndani ya maombi milioni 1 ya bure kwa mwezi ambayo SQS na Lambda kila moja inatoa. Kinachokula pesa ni hifadhidata inayowaka usiku kucha, lango la NAT (la seva za ndani kutokea intaneti) lililosahaulika, na kumbukumbu za mfumo zisizofutwa. Weka kengele ya bajeti siku unayofungua akaunti.

Hatua ya 11: Jaribu kituoni kabla ya msimu

Usijaribu ukiwa ofisini na Wi-Fi. Nenda kituoni na simu ile ile atakayotumia karani, na karani mwenyewe ndiye abofye. Zimeni data, pimeni mizigo thelathini ya majaribio, zimeni simu, iwasheni tena, washeni data. Halafu rudia, mara hii ukikata data katikati ya kutuma. Mtu wa tatu akiwa Mbeya asimamishe mchakataji wakati mizigo inaingia, amwashe baada ya saa moja. Tumeni mzigo wenye namba ya mkulima asiyekuwepo, muone kengele inamfikia nani na baada ya dakika ngapi. Wekeni anwani ya uongo kwenye adapta ya malipo ili breka ifunge, kisha rudisheni ya kweli.

Mwisho wa siku linganisheni vitu vitatu: hesabu aliyoandika karani kwa kalamu, idadi ya mizigo kwenye hifadhidata pamoja na iliyoko kwenye foleni ya zilizoshindikana, na meseji zilizofika kwenye simu za majaribio. Zikitofautiana hata kwa mzigo mmoja, tafuteni ni kiungio gani kimeumeza kwa kufuata kitambulisho chake kuanzia kwenye simu, na daftari la karatasi liendelee kutumika kituoni hapo mpaka mpate jibu.